Marufuku ya nyavu haramu yahusu afya yako pia

IKIWA wewe ni mkazi wa Matisi, Kiminini, Webuye au Bungoma mjini, huenda mambo ya uvuvi huyasikia kwa mbali tu. Bahari iko upande wa pili wa nchi, na hata Ziwa Victoria huliendei ila una safari ya huko. Kwa hivyo unaposikia redioni kwamba maafisa wa uvuvi wamenasa na kuteketeza nyavu haramu huko Homa Bay au Kwale, ni rahisi kufikiri kwamba hayo ni mambo ya wavuvi na polisi, nawe hayakuhusu.

Yanakuhusu. Omena unaopimiwa kwa gorogoro sokoni Kitale walitoka ziwani. Samaki wakavu wa Ziwa Turkana hupitia mjini mwetu kwa barabara ya Lodwar. Na neti ya mbu anayopewa mama mjamzito kliniki ndiyo ile ile ambayo kwingineko hugeuzwa wavu wa kuvulia. Zaidi ya hayo, wengi wetu tuna ndugu, wakwe au marafiki ambao riziki yao hutoka majini.

Leo nataka tuitazame marufuku ya nyavu haramu kama daktari anavyoitazama dawa. Dawa nzuri huponya, lakini ina kipimo chake na ina madhara yake. Anayeitoa bila kumwuliza mgonjwa anakula nini, na ana maradhi gani mengine, huenda akatibu ugonjwa mmoja na kuzusha mwingine. Ndivyo ilivyo sheria inayomnyang'anya mvuvi wavu wake bila kuutazama mwili wake, mfuko wake na sufuria ya jikoni kwake.

NYAVU ZIPI ZIMEKATAZWA?

Wavu unaotajwa zaidi ni juya. Huu ni wavu mrefu unaotandazwa majini kwa mtumbwi, kisha watu husimama ufuoni pande mbili na kuuvuta kwa kamba hadi nchi kavu. Ndugu zetu wa Tanzania kwenye ziwa huuita kokoro. Katika kuburutwa huko, juya hufagia kila kitu: nyasi za baharini, vipande vya matumbawe, mayai ya samaki na vifaranga vyao. Uchunguzi uliofanywa katika pwani ya Kenya umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya samaki wanaonaswa na juya ni wachanga ambao hawajapata kuzaa hata mara moja.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku juya, baharini na katika maziwa, kwa tangazo la gazeti rasmi la serikali la Novemba 9, 2001. Bunduki za kudungia samaki pia zimekatazwa, na hali kadhalika nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo zikipotea majini huendelea kuua samaki kwa muda mrefu bila mtu kufaidika. Katika Ziwa Victoria, wavu wa omena haufai kuwa na matundu ya chini ya milimita 10, na wavu wa kunasia mbuta na ngege haufai kuwa na matundu ya chini ya inchi 5. Kila mwaka, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, uvuvi wa omena hutakiwa kusimama ili wazaane. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 iliendeleza makatazo ya namna hii, na kamati za wavuvi za kila ufuo, zinazojulikana kama BMU, zimepewa jukumu la kusaidia kuyatekeleza.

FAIDA YA MARUFUKU

Je, dawa hii inafanya kazi? Inafanya. Mtaalamu Tim McClanahan, ambaye amechunguza matumbawe ya Kenya kwa miongo kadhaa, alilinganisha mapato ya wavuvi wa fuo mbalimbali za pwani. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2010, wavuvi waliokuwa karibu na eneo lililofungwa, na ambao walikuwa wamefukuza juya katika maji yao, walipata pesa zaidi kuliko wenzao. Sababu si ngumu. Samaki aliyeachwa akue huwa na uzito zaidi, na kilo moja ya samaki wakubwa huuzwa ghali kuliko kilo moja ya vidagaa.

Huko Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wakazi wenyewe waliamua mwaka 2005 kufunga hekta 30 hivi za bahari yao wasivue humo kabisa. Samaki walirudi, na mwaka 2017 jamii hiyo ilipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hivyo basi, asidanganyike mtu kwamba makatazo haya ni maonevu matupu. Ziwa au bahari ikiisha samaki, watakaoumia zaidi ni wavuvi na watoto wao.

Iko pia faida ya kiafya ambayo haitajwi sana. Katika Ziwa Victoria, konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho huishi hasa karibu na ufuo, kwenye maji yaliyotulia na magugu. Mtu anayevuta juya husimama katika maji hayo hayo saa nyingi, siku baada ya siku, naye vijidudu hupenya ngozi yake bila yeye kujua. Kwa hivyo kumwondoa hapo ni kumpunguzia hatari. Kwa mvuvi wa baharini hatari hiyo haipo, kwani konokono hao hawaishi katika maji ya chumvi.

NANI HUUMIA KWANZA?

Sasa tugeukie madhara. Juya moja huvutwa na watu wengi. Aghalabu hawa ni vijana wasio na mtumbwi, wasio na wavu na wasio na akiba. Mwenye juya ni tajiri wao. Wao huleta mikono tu, na jioni hupewa fungu lao. Juya likiteketezwa, mwenyewe hupata hasara, lakini mara nyingi ana shughuli nyingine. Kijana wa kamba hurudi nyumbani mikono mitupu siku hiyo hiyo.

Wa pili kuumia ni mwanamke. Pwani yuko mama karanga, yule mama anayenunua samaki wadogo wa bei ya chini, akawakaanga na kuwauza kando ya njia. Samaki wake wengi hutoka kwenye juya. Samaki wakubwa wanaopatikana baada ya marufuku huchukuliwa na wachuuzi wenye barafu na pesa taslimu, wakapelekwa mahotelini na mijini. Uchunguzi uliofanywa Nyali, Mombasa, na kuchapishwa mwaka 2015, ulieleza jambo hili waziwazi: kupunguza juya kungewafaidi samaki, matumbawe na wavuvi wengi, ila wanawake hawa wachuuzi wangepoteza. Nao ndio ambao, mara nyingi, hawaketi kwenye mikutano ambamo mambo ya nyavu huamuliwa.

Mimi si mtaalamu wa biashara, lakini najua kwamba pesa za mama ndizo hununua maziwa, sabuni na dawa ya mtoto, na ndizo hulipa nauli ya kwenda hospitali. Zikikatika, athari yake hutufikia sisi madaktari baada ya miezi michache.

SUFURIA YA MTOTO

Athari ya kwanza huonekana kwenye chakula. Samaki wadogo wanaoliwa wazima, pamoja na mifupa na kichwa, ni miongoni mwa vyakula bora kabisa kwa mtoto. Huwa na protini ya kujenga mwili, chokaa ya mifupa na meno, madini ya chuma ya kuongeza damu, zinki ya kuimarisha kinga, na vitamini A ya macho. Minofu ya samaki mkubwa ni mizuri pia, lakini mifupa yake hutupwa, na chokaa hutupwa pamoja nayo.

Katika nyumba yenye mapato madogo, samaki wadogo wakikosekana au wakipanda bei, nafasi yao haichukuliwi na nyama. Huchukuliwa na sukuma wiki peke yake, au ugali na chumvi. Mtoto hushiba lakini hajengeki. Dalili huja polepole: haongezeki urefu, huwa mnyonge na asiyependa kucheza, viganja na ndani ya kope hupauka kwa upungufu wa damu, na kila homa inayopita humpata yeye.

Hapa simaanishi kwamba tuvue vifaranga ili watoto wale. Kifaranga cha mbuta kilicholiwa leo kingekuwa kilo kadhaa baadaye. Omena ni tofauti, kwa sababu yeye ni mdogo hata akikomaa, na huzaana upesi. Akivuliwa kwa wavu wa matundu halali na katika miezi inayoruhusiwa, hakuna ubaya. Ninalosema ni kwamba familia zinapaswa kujiandaa kwa miezi ya kufungwa. Omena waliokaushwa vizuri wanaweza kuwekwa akiba mahali pakavu. Maharagwe, njugu, mayai na maziwa vinaweza kuziba pengo.

NETI YA MBU SI WAVU

Mvuvi maskini anapopokonywa wavu wake na hana pesa za kununua mwingine wa halali, hutazama huku na huku. Mara nyingi kitambaa kilicho karibu naye ni neti ya mbu iliyogawiwa bure.

Tatizo hili si dogo. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu vijiji vilivyo kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya familia 8 kati ya kila 10 zilizohojiwa zilikuwa zikivua kwa neti za mbu. Pwani ya Kenya nako zimeonekana. Mtu hawezi kuwalaumu watu hao tu. Wavu halali hugharimu pesa nyingi. Neti haigharimu chochote.

Hata hivyo, hasara yake ni ya aina tatu. Kwanza, matundu yake ni madogo mno hivi kwamba hunasa hata mayai na vifaranga visivyofika urefu wa kucha. Pili, neti hizi zimetiwa dawa ya kuua mbu ambayo ni ya ukoo mmoja na ile inayotokana na maua ya pareto. Dawa hiyo haimdhuru mtu anayelala ndani ya neti, lakini ni sumu kali kwa samaki na wadudu wa majini. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, neti ikiwa ziwani usiku basi haiko kitandani. Mtoto wa chini ya miaka 5 na mama mjamzito hulala bila kinga mahali ambapo malaria ndiyo nyingi zaidi nchini.

Nasi wa huku juu tusijione wema. Wangapi wetu wamezungushia neti miche ya sukuma wiki au vifaranga vya kuku? Neti mpya ni ya kitandani. Iliyochakaa na kutoboka, uliza kituo cha afya cha karibu namna ya kuitupa. Usiioshee mtoni, kwani dawa iliyobaki huua samaki wa huko.

SAMAKI KWA MWILI

Jambo linalofuata ni zito, lakini lazima lisemwe. Katika fuo za Ziwa Victoria kuna desturi inayoitwa jaboya. Mchuuzi mwanamke, ili awe na hakika ya kuuziwa samaki, hulazimika kufanya mapenzi na mvuvi. Pesa hulipa vile vile. Mwili wake ni nyongeza ya kumfanya awe wa kwanza kwenye foleni.

Samaki wakiwa wengi, mwanamke ana nguvu ya kukataa, kwa sababu akinyimwa mtumbwi huu ataenda mtumbwi ule. Samaki wakiwa haba, nguvu hiyo humwishia. Uhaba unaweza kuletwa na nyavu haramu zilizofagia ziwa, na unaweza pia kuletwa na marufuku ya ghafla. Vyovyote vile, matokeo hufanana. Hii ni sababu moja inayofanya virusi vya Ukimwi kuwa vingi katika jamii za wavuvi kuliko kwa wananchi wengine.

Wanawake wa ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, walionyesha njia nyingine. Kuanzia mwaka 2011, kwa msaada wa wahisani, baadhi yao walipata mitumbwi yao wenyewe na kuwaajiri wanaume wawavulie. Kikundi chao kilijulikana kwa jina lenye maana ya kwamba hakuna mapenzi kwa samaki. Mwenye mtumbwi hamwombi mtu samaki. Kwa bahati mbaya mafuriko ya ziwa ya mwaka 2020 yaliwahamisha wengi wa ufuo huo. Hata hivyo funzo limebaki: umaskini wa vifaa ndio uliokuwa mzizi wa ugonjwa.

MVUVI MGONJWA

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningependa wakuu wa uvuvi na wakuu wa afya walisome wakiwa wameketi meza moja.

Watu hudhani kwamba mvuvi akiugua hukaa nyumbani, na samaki wakapumzika. Wachunguzi waliofuatilia familia 303 zinazoishi kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, wakizitembelea mara nne, walitaka kujua kama ni kweli. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017. Baadhi ya wagonjwa waliacha kabisa kuvua. Lakini wale walioendelea hawakupunguza kazi sana. Walibadilisha namna ya kuvua. Walipokuwa wagonjwa, waliziacha njia halali, zinazohitaji kwenda mbali kwenye kina na kutumia nguvu nyingi, wakashika njia haramu za karibu na ufuo, zile zinazoharibu mazalio ya samaki.

Ukifikiri kidogo utaona ni jambo la kawaida. Mtu mwenye malaria, kifua kikuu, kichocho cha muda mrefu au upungufu wa damu hana nguvu za kupiga kasia saa tatu usiku kwenye baridi. Na watoto wake wanataka kula leo. Juya liko karibu, maji ni ya kiunoni, na kazi hugawanywa kwa watu wengi. Sheria inamwambia aende kwenye kina kirefu. Mwili wake unamwambia hawezi.

Maana yake ni kwamba zahanati iliyo karibu na ufuo ni chombo cha kulinda samaki sawa na boti ya doria. Mvuvi aliyepimwa mapema, akatibiwa malaria, akapewa dawa za kupunguza makali ya Ukimwi na kuzimeza bila kukatiza, huwa na nguvu za kuvua kwa njia halali. Aliyeachwa augue atarudi ufuoni na wavu wa magendo, na ukiuteketeza huo atatafuta mwingine.

Tena kina kirefu chenyewe kina hatari. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekadiria kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa maji kila mwaka katika Ziwa Victoria. Dhoruba za ziwa hili huja usiku na huja ghafla. Ukimwondoa mtu ufuoni na kumpeleka katikati ya ziwa kwa mtumbwi mdogo, bila jaketi la kuelea na bila habari za hali ya hewa, umemwepusha na kichocho lakini umemweka karibu na kifo.

BARUTI NA SUMU

Nimezungumza juu ya nyavu, lakini ziko njia mbili ambazo hazina kisingizio. Ya kwanza ni baruti. Tanzania iliikataza kwa sheria tangu mwaka 1970, lakini iliendelea kulia pwani yake kwa miaka mingi, hadi msako mkali wa kuanzia mwaka 2015 ulipoipunguza sana. Utambi huwa mfupi, na baruti ya kienyeji haina saa maalumu ya kulipuka. Wapo waliopoteza vidole, mikono, macho au maisha. Mlipuko pia hupasua ngoma ya sikio, na mtu aliye ndani ya maji karibu na hapo anaweza kuumia mapafu na matumbo bila kidonda kuonekana nje. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja hata kama anasema hajambo.

Ya pili ni sumu. Zamani wazee walitumia majani ya utupa kulevya samaki. Siku hizi wapo wanaomwaga dawa za shambani za kuua wadudu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kutokana na habari za uvuvi wa aina hii, na maelfu ya watu wasio na hatia walipoteza soko. Sumu hizo hazitoki zote kwa kupikwa. Aliyekula samaki wa namna hiyo anaweza kutokwa na jasho na mate mengi, kutapika, kuhara, kuumwa tumbo, kuona ukungu na kupumua kwa shida. Usimlazimishe kutapika na usimpe dawa za dukani. Mkimbize hospitali, na ukiweza beba mabaki ya samaki huyo.

LIFANYWE NINI?

Kama marufuku ni dawa, basi itolewe pamoja na maagizo yake. Mimi ningependekeza haya:

Kwanza, wavu haramu usiteketezwe bila mwenyewe, na hasa vijana wake wa kamba, kuonyeshwa njia ya kupata kifaa halali, iwe kwa mkopo wa BMU au kwa kubadilishana. Pwani pamekuwa na malema yaliyoachiwa upenyo mwembamba pembeni, ambao tafi na samaki wengine wachanga hutokea na wakubwa hubaki. Ni badiliko dogo lisilohitaji mtambo wala mafuta.

Pili, mama karanga na wachuuzi wa omena wahesabiwe. Waalikwe mikutanoni, na waelezwe mapema tarehe za kufunga na kufungua ziwa ili wapange biashara na chakula.

Tatu, huduma za afya zifuate saa za mvuvi. Yeye hulala mchana na hufanya kazi usiku. Zahanati inayofunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa jioni mara nyingi humpita. Upimaji wa Ukimwi, malaria, kifua kikuu na kichocho ufanywe ufuoni, asubuhi mitumbwi inapotua.

Nne, wanaogawa neti za mbu katika vijiji vya uvuvi washirikiane na maafisa wa uvuvi. Anayevua kwa neti ametuonyesha kwamba hana wavu na ana njaa. Kumtoza faini tu hakutampa kimoja wala kukiondoa kingine.

WEWE MNUNUZI, NAWE MWENYE NDUGU MVUVI

Wewe uliye Matisi una sehemu yako pia. Sokoni, usinunue mbuta asiyefika sentimita 50, yaani karibu nusu mita, wala ngege wa ukubwa wa kidole. Kila anayewanunua anamtuma mtu kwenda kuvuta juya. Samaki mbichi awe na macho maangavu yaliyojaa, mashavu mekundu ndani, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Samaki mwenye nyama teketeke na mifupa iliyovunjika ndani ilhali ngozi ni nzima, mwache. Huenda aliuawa kwa mlipuko. Omena wawe wakavu, wasio na ukungu wala mchanga mwingi. Waoshe kwa maji ya moto kabla ya kupika. Waliosagwa vizuri unaweza kuwatia kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6, kijiko kimoja kwa bakuli.

Ikiwa una nafasi na maji, fikiria bwawa la samaki. Serikali ilianza kuyafadhili kwa wingi mwaka 2009, na ngege na kambare hufugika katika maeneo mengi ya magharibi mwa Kenya. Bwawa liwekewe ua, kwani mtoto mdogo hufa maji hata katika kina cha magoti.

Na kama una ndugu anayevua, usimwulize tu samaki wako wapi. Mwulize kama amepimwa malaria, kama ana jaketi la kuelea, na kama haoni damu katika choo chake au tumbo kumvimba, ambazo ni dalili za kichocho. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ni vidonge vya kumezwa siku moja tu. Mwambie pia kwamba vituo vya afya vya umma hutoa dawa kwa wenye virusi vya Ukimwi, na tembe za kujikinga kwa walio katika hatari. Akiwa ameshaanza dawa na anahamia ufuo mwingine kufuata samaki, abebe kadi yake ya kliniki ili aendelee huko aendako.